Rumaliza: Mtu wa Lindi aliyeishika Uvira kabla ziwa halijawa mpaka

Usiku usio na ukungu, taa za Bujumbura zinaonekana wazi kutoka ufukwe wa Uvira. Safari kati ya miji hiyo miwili ni fupi, lakini katikati yake kuna mpaka, ofisi za uhamiaji na, kwa miaka mingi sasa, askari wenye silaha. Miaka 140 iliyopita mpaka huo haukuwapo. Palikuwa na ziwa moja, mitumbwi na masoko ya chumvi na mawese. Na kwa takriban miaka kumi palikuwa na mtu mmoja ambaye habari za kuja kwa watu wake zilitosha kuwafanya wanavijiji wa ufukweni wakimbilie milimani.

Jina lake lilikuwa Muhammad bin Khalfan bin Khamis al-Barwani. Wenyeji walimpa jina la Rumaliza, lenye maana ya mtu anayemaliza, asiyebakisha kitu nyuma yake. Wamisionari wa Kikatoliki walimhesabu kuwa adui wao mkubwa ziwani. Maofisa wa Kibelgiji walimhesabu kuwa mkuu wa mwisho wa Waarabu wa Kongo kuvunjwa nguvu. Hata hivyo, historia ya Uislamu na ya Kiswahili katika pwani ya kaskazini ya Tanganyika haiwezi kuelezwa bila kumtaja.

Maisha yake yaliangukia miaka ambayo dola zilikuwa zikipanda na kuanguka. Usultani wa Zanzibar ulikuwa ukififia. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji na Kaisari wa Ujerumani walikuwa wakigawana ardhi ambayo hawajawahi kuiona. Ufalme wa Burundi ulikuwa ukijilinda milimani. Dini mbili, Uislamu na Ukristo, zilifika ufukweni karibu wakati mmoja, na zote mbili zilikuja na bunduki.

Kijana wa Lindi

Rumaliza alizaliwa Lindi, pwani ya kusini ya Tanzania ya leo, karibu mwaka 1855. Ukoo wa al-Barwani ulikuwa na asili ya Oman, na kufikia wakati huo ulikuwa umeenea Unguja na Lindi. Seyyid Said, sultani aliyeiunganisha Oman na pwani ya Afrika Mashariki chini ya bendera moja, alifariki mwaka 1856. Miaka mitano baadaye, kwa uamuzi uliosimamiwa na Waingereza, dola yake iligawanywa, Oman ikawa na mtawala wake na Zanzibar ikawa na wake.

Utajiri wa Zanzibar ulitegemea karafuu na pembe za ndovu. Viwanda vya Ulaya na Marekani vilihitaji pembe kwa ajili ya vibonyezo vya piano, mipira ya biliadi na vipini vya visu. Tembo wa karibu na pwani walipokwisha, misafara ilizidi kuingia bara: kwanza Tabora, kisha Ujiji, kisha ng'ambo ya ziwa hadi Manyema.

Biashara hiyo iliendeshwa kwa deni. Matajiri wa Kihindi wa Unguja walikopesha nguo, shanga, bunduki na baruti, na mfanyabiashara alitakiwa kurudisha pembe zenye thamani kubwa kuliko alichochukua. Aliyechelewa alilimbikiziwa riba. Aliyeshindwa hakuweza kurudi pwani bila kukamatwa na wadai wake. Ndiyo maana wengi waliobaki bara walibaki huko kwa sababu hawakuwa na njia ya kurudi.

Pembe nazo zilihitaji mabega ya kuzibeba. Watu waliotekwa vijijini walibeba mizigo, walilima mashamba ya kulisha misafara, waliuzwa, au walipewa bunduki na kutumwa kuwateka wengine. Ulikuwa mzunguko uliojilisha wenyewe, na vijana wengi wa koo za pwani, Rumaliza akiwemo, waliingia ndani yake wakitafuta bahati.

Uvira ilikuwa tayari inajulikana kabla yake. Richard Burton na John Speke walipofika huko Aprili 1858, waliikuta ikiwa kituo cha mwisho cha wafanyabiashara wa pwani upande wa kaskazini. Kulikuwa na pembe, watumwa, nafaka, vyombo vya chuma na nguo za magome ya miti. Burton alitumaini kwamba Mto Ruzizi unatoka ziwani kuelekea kaskazini na kwamba ungekuwa chanzo cha Nile. Wenyeji walimwambia kwamba mto huo unaingia ziwani. David Livingstone na Henry Stanley walikwenda kuutazama Novemba 1871, wakakuta wenyeji walisema kweli.

Ujiji na ushirika na Tippu Tip

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Rumaliza alikuwa Ujiji, mji wa nyumba za udongo na mitende upande wa mashariki wa ziwa. Soko lake lilikuwa na fedha yake lenyewe, shanga ndogo zilizoitwa sofi, na huko zilikutana bidhaa za pande zote: chumvi ya Uvinza, mawese, samaki, majembe ya chuma, mbuzi na binadamu.

Mkuu wa mji alikuwa Mwinyi Heri, mzee wa Mrima aliyekaa huko miaka mingi na kutambuliwa na Sultani Barghash kuwa mwakilishi wake. Mwinyi Heri alitawala kwa mazungumzo. Aliishi kwa kupatana na watemi wa Waha na wakuu wa ufukweni, kwa kuoa na kwa zawadi. Alipofariki katikati ya miaka ya 1880, nafasi ilibaki wazi kwa mtu wa aina nyingine.

Aliyemfungulia Rumaliza mlango alikuwa Hamed bin Muhammad al-Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa kuliko wote wa bara. Tippu Tip alikuwa na Manyema mkononi, lakini pembe zake zilipaswa kuvuka ziwa kabla ya kushika njia ya Tabora na pwani. Alihitaji mtu wa kuaminika Ujiji. Rumaliza naye alihitaji mtaji na jina kubwa nyuma yake. Wawili hao wakaingia ushirika, na kwa nguvu ya ushirika huo Rumaliza akawa bwana wa Ujiji kwa vitendo, hata pale ambapo hakuwa na cheo cha sultani wa Zanzibar.

Tofauti na wafanyabiashara wengi waliomtangulia, Rumaliza alikuwa pia mtu wa tarika. Alijiunga na Qadiriyya, njia ya kisufi iliyokuwa ikienea kwa kasi Afrika Mashariki kupitia wanafunzi wa Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, Somalia. Nguvu ya Qadiriyya ilikuwa kwamba haikujali sana ukoo wa mtu. Mtu aliyetoka Manyema akiwa ametekwa, asiyejua Kiarabu wala asili yake, aliweza kukaa kwenye duara la zikri pamoja na Mwarabu wa Unguja. Kwa mji kama Ujiji, ambao wakazi wake wengi walikuwa wameng'olewa kwao, hilo halikuwa jambo dogo.

Uvira, mlango wa kaskazini

Kutoka Ujiji Rumaliza aligeuza macho kaskazini. Njia za kusini na magharibi zilikuwa na wenyewe. Kaskazini kulikuwa na bonde la Ruzizi, lenye watu wengi na ng'ombe, na nyuma yake milima ambayo msafara wa pwani haukuwa umeivuka. Uvira ikawa kituo chake kikuu upande huo. Watu wake walikaa hapo na kutoka kwenda bondeni na kwenye miteremko ya milima, kati ya Wavira, Wafuliiru, Wabembe na Warundi wa tambarare.

Mbinu ilijirudia karibu kila mahali. Wafanyabiashara walifika kwanza kununua. Kisha waliingilia ugomvi wa wakuu wawili, wakampa mmoja bunduki. Aliyeshinda alibaki na deni la shukrani, na aliyeshindwa alipoteza watu wake. Baada ya misimu michache, mkuu aliyesaidiwa naye hakuwa na nguvu ya kukataa lolote. Vijiji vilivyokuwa kando ya maji vilihamia juu ya vilima, mashamba ya ufukweni yakawa pori, na njaa ikafuata. Ndui ilisafiri na misafara, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wa eneo lote la Maziwa Makuu.

Palikuwa na mahali pamoja ambapo bunduki hazikufua dafu. Mfalme wa Burundi, Mwezi Gisabo, alikuwa na jeshi la mikuki na pinde, lakini alikuwa na milima, watu wengi na utii wa wakuu wake. Watu wa Rumaliza walijaribu kupanda kutoka tambarare ya Imbo na wakarudishwa. Burundi ya milimani ikabaki nje ya biashara ya watumwa ya Ujiji kwa kiasi kikubwa. Ni mojawapo ya sababu zinazofanya historia ya pande mbili za Ruzizi itofautiane tangu wakati huo: upande mmoja ulivunjwa kabla Wazungu hawajafika, upande wa pili ulikutana nao ukiwa bado una mfalme.

Kwa wageni wa Ulaya waliomtembelea Ujiji, Rumaliza hakuonekana kuwa mkatili. Alfred Swann, baharia wa shirika la wamisionari wa London aliyeishi ziwani miaka mingi, alimfahamu kwa karibu na akaandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1910. Kwa wageni kama huyo Rumaliza alikuwa mwenyeji mwenye adabu, mtu wa kahawa na mazungumzo. Lakini adabu hiyo iliishia kwenye baraza la Ujiji, na watu wa Uvira waliwajua wapiganaji wake tu.

Msalaba upande wa magharibi

Wakati Rumaliza akijijenga, kundi lingine la wageni lilikuwa likitafuta makao kwenye ufukwe uleule. Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Charles Lavigerie wa Algiers, walifika Ujiji mwaka 1879. Walijaribu kwanza Rumonge, upande wa Burundi, na huko watatu kati yao waliuawa Mei 1881. Mwaka 1880 walikuwa wameshafungua kituo cha Mulweba, katika nchi ya Masanze kusini mwa Uvira, na mwaka 1883 wakafungua Kibanga, karibu na rasi ya Ubwari. Baadaye wakapewa Mpala, kusini zaidi.

Lavigerie alikuwa na ndoto ya ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika. Ndoto hiyo ilikuwa na mizizi Ulaya. Mwaka 1870 Papa alikuwa amepoteza dola yake pale jeshi la Italia lilipoingia Roma, na wanajeshi Wakatoliki waliomtetea walibaki bila vita ya kupigana. Mmoja wao alikuwa Mfaransa Léopold Joubert, aliyezaliwa 1842, ambaye alikuwa askari wa Papa tangu ujana wake. Mwaka 1887 alihamia Mpala akiwa kapteni wa jeshi dogo la wakristo wapya wenye bunduki. Alimwoa mwanamke wa huko, Agnes Atakaye, na hakurudi tena Ulaya kuishi. Alifariki mwaka 1927 akiwa mzee wa ufukwe wa Tanganyika.

Vituo vya mapadre vilikua kwa njia inayofanana na ya Ujiji kuliko pande zote mbili zilivyopenda kukiri. Mapadre walinunua watoto waliotekwa, mara nyingine kutoka kwa wafanyabiashara walewale waliowalaani, wakawaita waliokombolewa, wakawabatiza, wakawapa majina mapya, wakawafundisha kazi na kuwaozesha wao kwa wao katika vijiji vya misheni. Mmoja wa waliokombolewa na shirika hilo, Adrien Atiman, aliyetekwa utotoni Afrika Magharibi na kusomeshwa utabibu Malta, alipelekwa Karema upande wa mashariki wa ziwa akatibu watu huko tangu 1889 hadi alipofariki 1956.

Kwa miaka kadhaa Rumaliza na mapadre waliishi kwa tahadhari. Tippu Tip hakutaka ugomvi na Wazungu. Februari 1887 alikuwa amekubali kuwa gavana wa Leopold huko Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, na alifahamu kwamba kumgusa padre mmoja kungeleta manowari Zanzibar. Rumaliza alilazimika kuviacha vituo hivyo visimame, ingawa kila mtoro aliyekimbilia Kibanga au Mpala alikuwa mali iliyopotea machoni pa watu wake.

Miaka mitatu iliyogeuza kila kitu

Kilichovunja hali hiyo kilianzia mbali na ziwa. Sultani Barghash alifariki Machi 1888. Agosti mwaka huo watu wa pwani, Abushiri bin Salim akiwa kiongozi wao mashuhuri, waliinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyokuwa imekodi ukanda wa pwani. Ujerumani ilileta jeshi, na Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Habari hizo zilifika Ujiji na kila msafara. Mfanyabiashara wa bara alielewa maana yake: mji wa nyuma yake, alikokopa na alikouza, ulikuwa umeshachukuliwa.

Mwaka uleule wa 1888 Lavigerie alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri dhidi ya utumwa, na vyama vya kupinga utumwa vikaundwa. Mkutano wa Brussels ulimalizika Julai 1890 kwa mkataba uliozuia pia uingizaji wa bunduki na baruti sehemu kubwa ya Afrika. Siku hizohizo Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mipaka yao Afrika Mashariki, Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza, na Agosti 1890 Sultani Ali bin Said akapiga marufuku biashara ya watumwa.

Kwa Rumaliza, yote hayo yalimaanisha baruti kidogo, wadai wenye wasiwasi na bendera ya Kijerumani nyuma ya mgongo wake. Tippu Tip aliondoka Kongo mwaka 1890 kurudi pwani na hakurudi tena. Magharibi, Leopold aliamua mwaka 1891 kwamba pembe za maeneo makubwa ya Kongo ni mali ya dola, zishuke kwa mto hadi Bahari ya Atlantiki. Vita iliyofuata iliitwa vita dhidi ya utumwa. Ilikuwa pia vita ya kuamua kama pembe za Manyema zitatoka kwa mashariki au kwa magharibi.

Mwishoni mwa 1891 Kapteni Alphonse Jacques, aliyetumwa na chama cha Ubelgiji cha kupinga utumwa, alijenga ngome upande wa magharibi wa ziwa akaiita Albertville. Mji wa Kalemie ulibeba jina hilo hadi baada ya uhuru. Mwaka 1892 watu wa Rumaliza waliizingira ngome hiyo kwa miezi. Jacques na Joubert waliponea chupuchupu, hadi misafara mingine ya chama hicho ilipowafikia.

Siku boma lilipolipuka

Wakati huohuo vita vikubwa vilikuwa vimewaka Manyema. Sefu, mwana wa Tippu Tip, alipambana na jeshi la Leopold lililoongozwa na Francis Dhanis. Jeshi hilo lilikuwa na maofisa wachache wa Kizungu. Askari wake walikuwa Waafrika walioajiriwa Afrika Magharibi na sehemu nyingine, pamoja na maelfu ya wapiganaji wa Ngongo Lutete, ambaye awali alikuwa mtu wa Tippu Tip kabla ya kubadili upande. Nyangwe ilianguka Machi 1893, na Kasongo mwezi uliofuata. Septemba 1893 Wabelgiji walimpiga risasi Ngongo Lutete kwa shutuma za usaliti, baada ya kuwashindia vita.

Ndipo Rumaliza alipovuka ziwa na jeshi lake na kushika njia ya Kabambare kuelekea Kasongo. Kwa miezi mitatu alikuwa mpinzani mgumu kuliko wote waliotangulia. Alijenga maboma ya magogo na mahandaki ambayo risasi za kawaida hazikupenya. Oktoba 1893 ofisa Pierre Ponthier alijeruhiwa na kufa katika mapigano hayo, na upande wa pili Sefu naye alianguka.

Tarehe 14 Januari 1894 bomu la mzinga liliangukia ndani ya boma la Rumaliza. Moto ulishika ghala la baruti na nyumba za nyasi, na ngome ikageuka tanuri. Mamia waliungua au walizama mtoni wakikimbia. Siku chache baadaye maboma yaliyobaki yalisalimu amri, na Kabambare ikachukuliwa. Rumaliza mwenyewe alitoroka. Alivuka ziwa na kuingia upande wa Wajerumani akiwa na watu wachache, na hakuirudia Uvira tena.

Waliobaki ufukweni

Kushindwa kwake hakukuwaletea watu wa ufukwe amani. Kituo cha kijeshi cha Dola Huru ya Kongo kilichukua nafasi ya kituo cha wafanyabiashara Uvira, na wanakijiji wakaanza kudaiwa chakula, mizigo na kazi na bwana mwingine. Mwaka 1897 askari wa msafara wa Dhanis waliasi kaskazini, wengi wao wakiwa walewale waliopigana upande wake Manyema. Waasi hao walishuka hadi bonde la Ruzizi, na kwa takriban miaka mitatu vijiji vya huko vilikuwa njia ya majeshi mawili yaliyokula vya watu. Wajerumani waliitumia fursa hiyo kudai ardhi ya bonde, na mpaka wa Ruzizi na Kivu haukuamuliwa hadi mkutano wa Brussels wa mwaka 1910. Katikati ya hayo malale yalienea ufukweni na kuua watu wengi kiasi kwamba tawala za kikoloni ziliwahamisha wakazi kutoka sehemu za kando ya maji.

Hivyo ziwa lililokuwa njia likawa mpaka. Familia zilizokuwa na ndugu Ujiji, Rumonge na Uvira zilijikuta chini ya bendera mbili, kisha tatu.

Mahakama na barua

Rumaliza alikuwa na miaka kama arobaini aliposhindwa. Aliishia Unguja, ambako Tippu Tip naye alikuwa akiishi kwa utulivu na kusimulia maisha yake. Ushirika wao wa zamani uligeuka kesi. Rumaliza alimshitaki Tippu Tip mbele ya mahakama ya Wajerumani, Dar es Salaam, kuhusu mali ya ushirika, na shauri hilo lilimgharimu Tippu Tip mali yake ya bara. Watu wawili waliowahi kugawana nchi nzima walimaliza urafiki wao mbele ya hakimu wa Kijerumani. Tippu Tip alifariki Juni 1905.

Mwezi mmoja baadaye Vita vya Maji Maji vililipuka kusini mwa koloni la Wajerumani, nchi ya asili ya Rumaliza. Mwaka 1908, miji ya pwani ikiwa bado haijasahau vita hivyo, barua ilianza kusambazwa Lindi. Ilidaiwa kutoka Makka na iliwataka Waislamu watubu kwa sababu siku ya mwisho imekaribia. Misikiti ilijaa, na maofisa wa Kijerumani wakaingiwa na hofu ya uasi mpya. Uchunguzi wao ulimtaja Rumaliza, akiwa Unguja, kuwa mmoja wa waliohusika kuisambaza. Uasi haukutokea. Lakini tukio hilo linaonyesha kwamba miaka 14 baada ya boma lake kuungua, serikali ya Kijerumani bado iliogopa jina lake, safari hii kama mtu wa tarika.

Kilichobaki Uvira

Rumaliza hakuacha jumba wala kaburi la kuzuru Uvira. Alichoacha kiko kwa watu ambao majina yao hayakuandikwa. Baada ya mwaka 1894 Waarabu walikimbia au walinyang'anywa, lakini Wangwana walibaki: wapagazi, wapiganaji, mafundi, wanawake waliotekwa Manyema na watoto wao. Hao ndio walioendelea kuswali, kufundisha watoto madrasa na kusoma zikri ya Qadiriyya Kasongo, Kabambare, Uvira na ng'ambo hadi Bujumbura, chini ya utawala wa Kibelgiji uliowashuku na uliozipa shule za kikatoliki kipaumbele. Kiswahili chao, Kingwana, ndicho kilichokuwa lugha ya masoko, ya jeshi, na hatimaye ya makanisa yaleyale yaliyojengwa kuwapinga mabwana zao.

Vijiji vya misheni navyo vilifanya vivyo hivyo. Watoto waliokombolewa wakawa makatekista, na makatekista wakapeleka Ukristo milimani kwa lugha ileile iliyokuja na misafara. Pande zote mbili za vita, waliojenga jumuiya za kudumu walikuwa watu walioporwa makwao, wakapewa dini mpya bila kuulizwa, kisha wakaifanya kuwa yao.

Ndiyo maana Uvira haimkumbuki Rumaliza kwa namna moja. Katika ukoo mmoja anaweza kuwapo babu aliyefika ufukweni akibeba bunduki yake, na bibi aliyefika akiwa amefungwa kamba na watu wake. Dola zote zilizogombea ufukwe huo zimekwisha: usultani, ufalme wa Leopold, koloni la Wajerumani na la Wabelgiji. Mpaka wao ungali pale, na mji huo haujapumzika na vita. Lakini alfajiri adhana inapokaribiana na kengele ya kanisa, wanaoamka kuitikia wote mara nyingi ni wajukuu wa watu walewale waliokuwa wakikimbilia milimani.